Mwaka Nilipoyafungua Maneno ya Kibondo

Tulimzika Bibi Sikolastika kule Kibondo mwezi uliopita, siku ya manyunyu yaliyotia utelezi njia yote ya kutoka kanisani hadi kaburini. Baada ya mazishi tuliketi chini ya turubai, sahani za ugali wa muhogo na maharage zikiwa mapajani, na nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Yule mwenye kilemba cha kijani ndiye Devota wa kompyuta. Ndiye aliyeyatoa maneno yetu kule Kasulu." Mwenzake akauliza maneno hayo yalikuwa yamefungwa na nani. "Sijui, ila yeye ndiye aliyeyatoa." Mtu mstaarabu angejifanya hakusikia. Mimi niligeuka nikawaambia, "Ni kweli, ndimi," kisha nikaendelea kula. Nina mvi sasa. Nimefanya kazi nyingi, na nyingine zimesahauliwa hata na wale walionituma kuzifanya, lakini hii moja naitunishia kifua mpaka leo. Basi acha niisimulie mwenyewe kabla haijasimuliwa vibaya.

Mwaka ule Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi, ilikuwa bado imejaa watu, na Kakonko ilikuwa ingali kipande cha wilaya ya Kibondo. Mimi nilikuwa msichana mwenye cheti cha kuchapa na mdomo usiopumzika. Makanisa kadhaa ya huku kwetu yalikuwa yameungana kutengeneza kamusi ya Kiha, na kwa miezi ya mwanzo yakanipeleka Kibondo kukusanya maneno. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: naketi na wazee, kinasa sauti kinazunguka, wao wanazungumza yao, mashamba, ndoa, mbuzi wa jirani, kisha nachapa mazungumzo yote kama yalivyo. Hatukuwauliza neno mojamoja, maana mtu akiulizwa neno huganda. Mwache abishane na mwenzake juu ya mbegu, maneno yatamwagika yenyewe. Kompyuta ilikaa katika chumba cha kutunzia majoho ya kwaya, ikitumia betri ya gari iliyochajiwa kwa jua, na siku za mawingu tulikuwa tukiiombea kama mgonjwa. Nilipochoka kuchapa niliegemea majoho yale ya zambarau, yenye harufu ya sabuni na jasho la Jumapili, nikawaza kwamba hakuna msichana mwingine nchini mwenye kazi kama yangu. Labda nilikuwa sahihi.

Nililala kwa Sikolastika, wakati huo tukimwita Mama Sikolastika, muuza maharage wa sokoni, mjane mwenye ulimi mkali na jiko lenye joto. Nusu ya maneno ya Kibondo niliyoyachapa mwaka ule yalitoka kinywani mwake, maana hakujua kunyamaza hata akiwa amejaza mdomo. Jikoni kwake hakuna chombo kilichobeba kile kilichoandikwa juu yake. Kopo la maziwa lilikuwa na chumvi, la majani ya chai lilikuwa na pilipili, na la chumvi lilikuwa na mbegu. Wiki ya kwanza nilitia pilipili kwenye chai yake, akacheka hadi akakaa chini. "Yewe mwana wanje, usisome kopo," akaniambia, yaani wewe mwanangu. "Fungua unuse." Kila nilipokuwa nakwenda Kasulu alinipa kapu la maharage niwapelekee watu wa ofisini, na kila niliporudi nililirudisha na sukari au sabuni ndani, kwa sababu kwetu kapu la mtu halirudishwi tupu. Hata maskini wa mwisho hutia japo ndizi mbili.

Sasa nieleze jambo la mafaili, maana ndilo kiini, na si gumu hata kidogo. Wakati ule hatukuwa na mtandao kati ya Kibondo na Kasulu. Maneno yalisafiri kwa disketi, mfukoni mwangu, na disketi ilibeba kidogo sana. Fundi wetu wa kompyuta pale Kasulu, Espoir, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu aliyewahi kufundisha hesabu kwao Uvira, akanifundisha kuyabana mafaili. Unaandika amri moja, na faili linasinyaa kama muhogo uliokaushwa, linabaki sehemu ndogo tu ya ukubwa wake. Halipotezi neno, lakini huwezi kulisoma hivyo hivyo. Ukilichungulia unaona alama za ajabu tu, mpaka lifunguliwe kwanza. Jina lake nalo linaongezewa mkia, herufi g na z, ili ujue limebanwa. Basi mazungumzo yote ya Kibondo yalifika Kasulu yakiwa yamebanwa. Yale ya Kasulu hayakuwa na safari yoyote. Yalichapwa palepale ofisini na kubaki mafaili ya kawaida, yenye mkia wa txt. Tofauti hiyo hakuna aliyeifikiria. Yote yalilala katika kompyuta moja, na kwa macho ya binadamu kazi ilikuwa imekamilika.

Katikati ya mwaka nilihamia Kasulu. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa, na jenereta ikinguruma kibarazani kiasi kwamba mpaka leo nazungumza kwa sauti ya juu bila kujua. Saa saba jenereta ilizimwa ipumzike, nasi tulikula dagaa waliokaangwa kwa mawese, tukisikiliza ukimya. Espoir alikuwa ameandika programu katika lugha ya Perl, fupi na safi, ambayo ilipita kwenye mafaili yote na kuhesabu kila neno. Neno lililosikika katika mazungumzo ya kutosha liliingia kitabuni, na ambalo halikusikika liliachwa. Mkuu wetu, Mwalimu Yeremia, mtu wa nidhamu ambaye hata penseli zake zililala zikielekea upande mmoja, alipiga chapa rasimu, akaitia kwenye bahasha, akatuchukua Kibondo kwenda kuisoma mbele ya wenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na naiheshimu hadi leo: neno la mtu haliingii kitabuni mpaka mwenyewe alisikie likisomwa na aseme ndiyo.

Alisoma tangu asubuhi katika ukumbi wa parokia. Wazee walikuwa wakiitikia mwanzoni, halafu wakaanza kutazamana. Ilipokaribia saa ya chai Mama Sikolastika akainua mkono.

"Mwalimu, amahoro. Hayo unayosoma ni maneno mazuri. Ni maneno ya Kasulu."

"Mama, ni Kiha."

"Ego, ndiyo, ni Kiha, na nakielewa. Hata Mrundi wa Mtabila akisema namwelewa. Lakini nauliza, yangu mimi yako wapi?" Akataja jina la maharage fulani madogo, yenye madoadoa, yanayopandwa upande wa Nyabibuye mvua zikianza kukata. Mwalimu akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Halikuwepo. Mzee mwingine akataja neno la umande mzito wa asubuhi unaoloanisha nguo hadi magotini. Nalo halikuwepo. Wakataja na kutaja, na kila mara Mwalimu alitikisa kichwa, sauti yake ikizidi kuwa ndogo.

Ndipo Mama Sikolastika akanigeukia mimi. "Mwana wanje, umelala kwangu. Umekula kwangu. Siku zote zile ulikuwa unaandika nini?"

"Niliandika yote, mama."

"Basi yamekwenda wapi?"

Wazee wakaanza kusemezana kwa Kiha, na kwa kuwa ni Kiha changu mwenyewe nilisikia kila kitu. Mmoja alisema ndivyo ilivyo siku zote, kila kizuri kinakwenda Kasulu, na sasa hata ulimi umekwenda. Mwingine akasema binti huyu keshakuwa mtu wa huko. Naweza kusahau mambo mengi lakini sentensi hiyo imekaa. Wakakataa kitabu, wote kwa pamoja, kwa heshima kubwa, na hiyo heshima iliuma kuliko matusi. Kwenye chai Mwalimu alinivuta pembeni akaniambia jinsi mambo yalivyo: mpiga chapa wa Mwanza anasubiri, karatasi zilizopatikana ni za mwaka huu, na Kibondo wasipokubali kitabu kitaandikwa jaladani kuwa ni Kiha cha Kasulu, nao watasubiri awamu nyingine. Kusubiri awamu nyingine, katika kazi za namna ile, sote tunajua maana yake. Niliingia tena ukumbini bila kuomba ruhusa, nikasema mbele ya wote, "Maneno yenu yapo. Nipeni nafasi ya usomaji mmoja tu, nitarudi nayo." Nilisema hivyo bila kujua yapo wapi. Tulipokuwa tunapanda gari Mama Sikolastika alikuja na kapu lake lile la siku zote, akalitua mapajani mwangu. Halikuwa na kitu. "Nenda nalo hivyo hivyo," akasema. "Ukirudi nitachungulia." Nililia kutoka Kibondo hadi tulipopita Makere, na Mwalimu, Mungu amrehemu, alitazama dirishani njia nzima ili asinione.

Espoir aliipata sababu kabla chai yake haijapoa. "Petite, njoo uone," akaniita. "Programu yangu iko inatafuta fichier, faili zenye jina linaisha na txt. Za Kibondo, hizi niko naona, zinaisha na gz. Haikuziona hata moja."

"Kwa hiyo hazijapotea?"

"Ziko hapa hapa. Zimelala tu. Batu ba Kibondo beko na haki, hakuna mtu aliwasikiliza."

Nilitaka kuruka. Nikakimbilia kuyafungua yote mara moja, moja baada ya jingine, na kabla sijafika nusu kompyuta ikagoma: diski imejaa. Sauti tulizonasa zilikuwa zimekula nafasi yote. Espoir akanisimamisha kwa mkono. Usiyatoe nje, akanieleza. Yasome yakiwa yanafunguka. Kuna njia ya kuiambia ile amri ya kufungua imwage maneno kwenye bomba, nayo programu ikinge upande wa pili, mstari kwa mstari, na kwenye diski hakibaki kitu. Kwa Perl ni mstari mmoja tu. Shida ikawa kwamba hatukuwa na programu moja. Tulikuwa na ya kuhesabu, ya kupanga, ya kutafuta mifano, ya kukagua herufi, na kila moja ilifungua mafaili kwa namna yake. Na Espoir naye kibali chake cha kukaa nje ya kambi kilikuwa kinakwisha. Siku ya kuondoka alifunga begi lake, akasimama mlangoni. "Usitengeneze kila programu mbali mbali, utachoka na utakosea," akasema. "Andika mlango moja. Zote zipite pale. Na ujue hii: fichier iliyobanwa, hata uipe jina gani, inaanza na alama mbili zile zile. Haiwezi kujificha. Alors, Devota, ni yako sasa." Nikampa mkono, nikabaki na jenereta.

Nikauandika huo mlango. Nilikipa kipande hicho cha programu jina la Kiswahili, fungua, kwa sababu sikuona kwa nini nikiite kwa lugha ya watu ambao hawakuwepo. Ulikuwa unakipa jina la faili. Jina likiishia na gz, kinapitisha faili bombani. Lisipoishia hivyo, kinalifungua kawaida. Kwa vyovyote kinakurudishia kitu kilekile, mistari inayosomeka, na programu iliyoomba haijui wala haihitaji kujua faili lilikuwa limebanwa au la. Nikapita programu moja baada ya nyingine, nikifuta ile namna ya zamani na kuweka fungua. Nilikosea mara nyingi. Mashine ilinikemea kwa Kiingereza nami niliijibu kwa Kiha. Hatimaye ikakubali, nikaiendesha ile ya kuhesabu, na maneno ya Kibondo yakaanza kushuka kwenye skrini, la umande, la kijiti cha kukorogea uji, la mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Nilikuwa nayasoma kwa sauti peke yangu. Mwalimu Yeremia alikuja mlangoni, akasimama akisikiliza, akavua miwani akaifuta.

Kisha nikatafuta lile la maharage. Halikuwepo.

Nilijua nimelichapa, na si mara moja. Nilikumbuka hata siku ya kwanza, Nyabibuye, Mama Sikolastika akigombana na shemeji yake kuhusu shamba. Nikatazama mafaili ya Nyabibuye, na majina yake yote yaliishia na txt, nadhifu kabisa, kama ya Kasulu. Nikamwuliza Mwalimu. Akasema ndiyo, mwanzoni kabisa aliona majina hayafanani, yakamkera, akayasahihisha, halafu kazi zikamsonga hakuendelea. Alikuwa amebadilisha jina tu, na ndani faili lilibaki limebanwa vilevile. Kwa hiyo mlango wangu ulisoma jina, ukaamini ni faili la kawaida, ukanimwagia takataka. Sikumkasirikia. Nilianza kucheka, akanitazama kama nimeingiwa na homa, maana niliona wazi jiko la Kibondo, kopo la maziwa lenye chumvi. Usisome kopo. Fungua unuse. Nikarudi kwenye fungua yangu, nikaondoa ile sehemu ya kuuliza jina, nikaiambia kwanza ichote alama mbili za mwanzo za faili. Zikiwa ndizo zile alizonitajia Espoir, faili limebanwa, lipite bombani. Zisipokuwa hizo, ni la kawaida. Jina liwe lolote. Mistari michache tu. Nimeandika programu nyingi kubwa tangu siku hiyo, nimefundisha vijana wengi, na sijaandika kitu kizuri kuliko hicho. Nasema hivyo bila haya.

Kibondo nilirudi na kapu kichwani, limefunikwa kitenge. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko mara ya kwanza, maana watu wanapenda kuja kuona mtu akiaibika. Mama Sikolastika akalifunua, akachungulia, akaona karatasi zimejaa hadi juu. "Karatasi hata nyani anazo," akasema. "Soma la maharage."

Nikasoma jina, nikasoma maana yake kwa Kiswahili, kisha nikasoma mfano, sentensi iliyochukuliwa kama ilivyotoka kwenye mazungumzo ya Nyabibuye: hayo usiyapande pamoja na mahindi, yanaona wivu.

Ukumbi mzima ulicheka, shemeji yake Mama Sikolastika akijipiga mapaja kwa kiganja. Sikolastika mwenyewe hakucheka. Alikaa akitazama karatasi asiyoweza kuisoma, akauliza polepole, "Hiyo si ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Nimo humo? Kama nilivyosema?"

"Kama ulivyosema."

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akakaa sawasawa kwenye benchi. "Haya, endelea. Na usome taratibu, kuna watakaotaka kukusahihisha." Walinisahihisha kweli, hadi jua likaegemea, na mwisho wakasema ndiyo, mmoja mmoja. Jioni ile kwenye jiko lake nilipewa mguu wa kuku mbele ya wanaume wawili wazima waliotoa macho, na nikaula wote. Kitabu kilichapwa na jina la Kiha peke yake jaladani. Espoir nilimpelekea nakala Nyarugusu mwenyewe; aliifungua ukurasa wa maharage, akasema, "Voilà," kisha akasema tena, "Voilà, ndiyo hii." Baadaye yeye na familia yake walihamishiwa nchi ya mbali, na kila mwaka hunipigia simu kuniuliza kama mlango ungali unafungua. Unafungua.

Jina la maharage yenyewe sitaliandika hapa. Kitabu kipo, nunueni.

Siku ile ya msiba, nilipokuwa naaga, mjukuu wake Jenifa, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alinifuata na kapu. Sikuhitaji kuuliza ni la nani, kishikio chake nilikishona mimi mwenyewe. Alisema bibi aliacha maneno kwamba nipewe, na lisitoke tupu. Ndani mlikuwa na maharage yale, madogo, ya madoadoa, mbegu. Niliweza kuvumilia kanisani na kaburini, lakini hapo nililia kwa sauti, na wale akina mama wawili wa kwenye turubai wakaja kunishika.

Nimeyapanda hapa nyuma ya nyumba yangu Kasulu, kwenye tuta lake peke yake. Juzi yalichanua. Jirani yangu mpya, Mkasulu kwa kuzaliwa, baba na mama, alikuwa akipita uani na ndoo, akasimama kuyatazama, akayataja kwa jina lake, jina la Kibondo, bila kujikwaa. "Umefanya vizuri kuyatenga na mahindi, mama," akaongeza. "Haya yanaona wivu."

Nilisimama na jembe mkononi. Nikamwuliza ni nani amemwambia hivyo.

"Imo kwenye kamusi ya Kiha," akasema, akijitwisha ndoo yake. "Uwe unasomasoma, mama."